Kufunga ili kupungua: saa hazina kosa, kesi iko kwenye sahani

Kama njaa peke yake ingetosha kumkondesha mtu, kila Idi mafundi cherehani wa Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, wangekesha wakibana nguo. Hawakeshi kwa kazi hiyo. Wanakesha kwa kushona mpya. Wapo wanaopungua Ramadhani, wapo wanaobaki palepale, na wapo, tena si wachache, wanaofika Mfunguo Mosi wakiwa wameongezeka. Uchambuzi uliokusanya tafiti 35 za mfungo wa Ramadhani ulikuta kwamba wastani wa uzito unaopungua ni kilo moja na robo hivi, na sehemu kubwa ya hiyo hurudi ndani ya wiki chache baada ya sikukuu.

Siitaji Ramadhani kwa sababu ni dayati. Si dayati, na anayefunga kwa nia ya kukata kitambi atajuana na Mola wake. Naitaja kwa sababu ndilo jaribio kubwa kuliko yote la kula kwa saa maalumu, linafanyika kila mwaka mbele ya macho yetu, na somo lake linarukwa na karibu kila anayehubiri mitandaoni mfungo wa saa 16, ule wa kula ndani ya saa nane tu kwa siku. Hapa kwetu, karibu na ikweta, kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na ushee. Zinabaki saa kumi na kitu za kula. Yanayotokea ndani ya saa hizo ndiyo yanayoamua kila kitu.

Tazama futari ya nyumba ya kawaida, Ilala au Ng'ambo. Tende kwanza, kisha uji wa pilipili manga uliokolea sukari. Kaimati zinang'aa kwa shira. Sambusa, katlesi, bajia. Magimbi ya nazi au mihogo ya nazi, na kama mwezi ni mchanga na mfuko bado una nguvu, ndizi mbichi za nyama. Jagi la ukwaju linazunguka. Hiyo ni futari tu. Chakula cha usiku hakijatajwa na daku iko njiani. Mtu aliyeshinda na njaa saa 13 anaweza kurudisha alichokikosa chote kabla ya adhana ya isha, na mwili hautamwandikia thawabu za kalori kwa sababu alivumilia.

Basi mfungo wa kisasa, huu wa kupunguza uzito, unaingia mjini ukidai kwamba wenyewe ni jambo jingine kabisa. Historia yake ni fupi. Mwaka 2012 daktari na mtangazaji wa Uingereza, Michael Mosley, alionyesha kwenye BBC jinsi alivyoujaribu mfungo kwenye mwili wake mwenyewe, na utaratibu wake wa kula kawaida siku tano na kula kiduchu siku mbili, kalori 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume, ukaenea dunia nzima. Mwaka huohuo timu ya Satchin Panda wa Taasisi ya Salk, California, ilichapisha jaribio la panya. Panya waliowekewa chakula chenye mafuta mengi usiku na mchana walinenepa kama ilivyotarajiwa. Wenzao waliopewa chakula kilekile, na wakala kiasi kilekile, ila ndani ya saa nane tu, hawakunenepa hivyo. Saa nane za panya zikageuka saa nane za binadamu. Ile hesabu ya 16 kwa 8 ikapata nguvu, na leo utaikuta hata kwenye makundi ya WhatsApp ya vikao vya harusi.

Tanzania ilipata mhubiri wake mwenye heshima. Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, amekuwa akiwaambia Watanzania hadharani wapunguze sukari, wapunguze idadi ya milo, na wajifunze kufunga. Watu wakafanya walichokifanya: wakacheka. Ukifungua soda mbele ya wenzako, lazima jina la Janabi litajwe. Lakini kicheko hicho kilibeba ujumbe mbali kuliko bango lolote la Wizara, na mimi nasema kazi hiyo ilikuwa na faida. Nchi ambayo utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulikuta 28% ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri ilihitaji mtu wa kusema waziwazi kwamba kitambi si cheo.

Swali langu ni jingine. Je, mfungo wenyewe una kitu ndani yake, au ni namna nyingine tu ya kula kidogo?

Jibu la majaribio ya binadamu, yale ya kuwagawa watu kwa bahati nasibu katika makundi, limezidi kuwa wazi. Mwaka 2022 lilichapishwa jaribio la Guangzhou, China, ambalo kwangu ndilo lililouliza swali kwa ustadi kuliko mengine. Watu 139 wenye unene uliokithiri walipewa kalori zilezile: wanaume 1,500 hadi 1,800 kwa siku, wanawake 1,200 hadi 1,500. Nusu yao walitakiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, wengine saa yoyote wanayotaka. Baada ya mwaka mzima, wenye saa maalumu walikuwa wamepungua kilo 8 kwa wastani, na wasio na saa kilo 6.3. Kwa vipimo vya kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kusema saa zimeongeza kitu. Wote walipungua kwa sababu wote walikula kidogo.

Miaka miwili kabla yake, watafiti wa San Francisco walikuwa wamejaribu upande wa pili: waambie watu wale kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, wale wanachotaka, usiwahesabie chochote. Baada ya wiki 12 walikuwa wamepungua chini ya kilo moja, na wale wa kundi la kula milo mitatu kawaida nao walipungua karibu sawa. Mmoja wa viongozi wa utafiti ule, daktari wa moyo Ethan Weiss, alikuwa mwenyewe anafunga hivyo kwa miaka. Matokeo yalipotoka, aliacha. Namheshimu mtu anayeisikiliza namba hata inapomkataa.

Ungedhani hapo kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu ya jaribio lililochapishwa mwaka 2023 kutoka Chicago, chini ya Krista Varady, mwanamke aliyeusomea mfungo karibu maisha yake yote ya utafiti. Watu 90 waligawanywa makundi matatu. La kwanza: kula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, bila kuhesabu chochote. La pili: kuhesabu kalori kila siku na kuzipunguza kwa robo. La tatu: endelea na maisha yako. Baada ya mwaka, ukilinganisha na kundi la tatu, wenye saa walikuwa wamepungua kilo 4.6 hivi, wenye kuhesabu kilo 5.4, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Walipofuatiliwa walichokula, ilionekana kundi la saa lilikuwa limepunguza kalori 400 na kitu kwa siku, karibu sawa kabisa na waliokuwa wakihesabu. Hawakuhesabu, lakini hesabu ilitoka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mfungo ni ushabiki mtupu. Saa hazina dawa ndani yake, ni kweli. Ila zilifanya kazi ya daftari. Na daftari ni kitu ambacho sisi hatuna.

Fikiria mtu wa Tandale au Mwanza anayeambiwa ahesabu kalori. Ahesabu nini? Wali uko kwenye sinia, mikono sita inaingia. Mchuzi ulipikwa na shangazi, na shangazi haulizwi alimimina mafuta kiasi gani. Mboga ya majani imeungwa kwa karanga na tui. Ugali hauna lebo. Programu za simu zinajua kalori za kila mkate wa dukani Marekani, lakini ukiandika makande ya nazi zinakuuliza kama ulimaanisha kitu kingine. Dayati za kupima gramu zilitungwa kwa ajili ya mtu anayekula peke yake, chakula chenye karatasi, kwenye sahani yake. Kwetu anayekula hivyo ana jina, na jina lenyewe si zuri.

Sasa mtu huyohuyo mwambie: usile kitu mpaka saa sita mchana, na baada ya saa mbili usiku funga mdomo. Hiyo anaielewa bibi, anaielewa kondakta wa daladala. Haimgombanishi na mpishi wala haimlazimu kujitenga na sinia. Haigharimu shilingi. Kwa mantiki hiyo mfungo umeingia kwetu kirahisi kuliko dayati yoyote iliyowahi kutangazwa, na watu wa pande zote mbili za dini tayari wana mazoea ya kukaa na njaa kwa makusudi, iwe Ramadhani au Kwaresima.

Hesabu yake ikikubali, inakubali hivi. Chukua staftahi ya mfanyakazi wa mjini: chapati mbili na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari. Chapati iliyonona mafuta haiko mbali na kalori 300, na vile vijiko vitatu vinaongeza 50 hivi. Jumla 650. Ukiiacha kila siku kwa mwezi mzima bila kuifidia popote, umeacha kalori 19,500, na kilo moja ya mafuta ya mwili huchukuliwa kuwa na kalori 7,700 hivi. Kwenye karatasi hizo ni kilo mbili na nusu. Mwilini zitakuwa pungufu, maana mwili ukipungua nao hubana matumizi, na chakula cha mchana kina tabia ya kuvimba kikisikia staftahi haikuja. Lakini hata nusu yake ni kitu.

Inapokataa, inakataa kwa njia mbili, na zote ziko wazi kabisa.

Ya kwanza ni "nimefunga, nakunywa chai tu." Chai gani? Kwa Watanzania wengi chai isiyo na sukari hutolewa kwa mgonjwa. Vikombe vitatu vya chai ya maziwa kabla ya saa sita, kila kimoja na vijiko vyake vitatu, na mtu anashangaa kwa nini mfungo haumfai. Wengine hushika juisi ya miwa, kwa hoja kwamba ni ya asili. Soda ya kola ya nusu lita ina gramu 53 hivi za sukari, karibu vijiko 13 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25.

Ya pili ni usiku. Watafiti wengi wa saa za mwili wanapendelea chakula kiingie mapema, maana uwezo wa mwili kushughulikia sukari hupungua jioni inapoingia. Ndiyo maana Guangzhou walifunga jiko saa kumi jioni. Jaribu kumwambia hivyo mtu anayetoka kazini Posta saa kumi na moja, akapambana na foleni, akashuka Gongo la Mboto saa mbili kasoro. Mlo wa usiku ndio mlo wa familia, ndio wenye nyama kama nyama ipo, na ndio unaokutanisha baba na watoto. Hakuna daktari atakayeushinda. Kwa hiyo kwetu mfungo karibu wote unafuta mlo wa asubuhi na kuuacha wa usiku, kinyume na ambavyo mwili ungechagua. Nauona kuwa ni mkataba wa haki, mradi usiku wenyewe usigeuke kisasi.

Na kisasi kipo. Simama dakika tano mbele ya kibanda chochote cha chipsi, Mbagala au Tandika, saa mbili usiku. Mafuta yamo kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Muuzaji anaibinya juu ya kikaango sekunde tatu nne, anatupia chipsi ambazo zilishakaangwa mara moja mchana, anapiga mayai mawili, anayamimina, anatikisa. Kisha anaibinya tena chupa kuzunguka ukingo ili zege lisishike. Linageuzwa, linapata mbinyo wa tatu. Pembeni inawekwa kachumbari ya kutuliza dhamira. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Zege lililoshiba linaweza kubeba nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mwanamke wa kazi za ofisini. Mteja aliyekaa na njaa tangu jana usiku hali moja. Anaagiza na mishkaki, na anastahili, si amefunga?

Wikiendi ndiyo inayomaliza. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200, na hakuna aliyewahi kwenda kwenye kitimoto akanywa moja. Mtu anafunga Jumatatu hadi Ijumaa kwa nidhamu ya askari, anayarudisha yote kati ya Ijumaa usiku na Jumapili mchana, halafu anaandika mtandaoni kwamba mwili wake "haupungui."

Kuna kundi moja ambalo mjadala huu hulisahau. Kabla saa 16 hazijapata jina la kitaalamu, wanafunzi wa vyuo na vijana wa gheto walikuwa wanapiga pasi ndefu: mlo mmoja wa saa tisa au saa kumi alasiri, wa kubeba mchana na usiku kwa pamoja. Hawakuwa wanapunguza uzito, walikuwa wanapunguza matumizi. Nao ni ushahidi mzuri. Anayepiga pasi ndefu kwa ugali na maharage akazunguka mjini kwa miguu huwa mwembamba. Anayepiga pasi ndefu kwa wali nyama sahani ya kujaza, soda juu, akarudi kukaa, anaota kitambi kama bosi wake. Saa ni zilezile.

Niseme kidogo kuhusu wafanyabiashara, kwa sababu wamelivamia shamba hili. Wiki ya kwanza ya mfungo wowote mzani hushuka kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayouzwa. Ini na misuli vina akiba ya sukari, yapata nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikitumika, maji yanatoka, na mtu anapoteza kilo mbili ambazo si mafuta. Picha inapigwa, inabandikwa, "programu ya siku 21" inapata wateja wapya. Ukirudi kula kawaida, zinarudi kwa siku tatu. Mbaya zaidi ni zile chai za kukata tumbo zinazouzwa pamoja na ratiba ya mfungo. Nyingi za aina hiyo duniani huwa na sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unapungua choo na maji, na chumvi za mwili unazozihitaji. Mafuta yako yako salama kabisa mahali pake.

Wale waliosoma zaidi kidogo wanauza jambo la kujisafisha kwa seli. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyokula na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa, na alifanya kazi hiyo kwenye hamira. Ni sayansi kubwa. Lakini kutoka hapo hadi kumwambia mama wa Kariakoo kwamba saa ya 16 ikigonga seli zake zinaanza kufagia ni safari ndefu. Panya mdogo akikosa chakula siku moja tu hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Siku ya panya si siku ya mtu. Anayefunga kwa ajili ya hilo anafunga kwa imani.

Upande wa wanaopinga nao una hadithi yake, na hapa Tanzania hadithi hiyo ina jina moja: vidonda vya tumbo. Kila ukitaja kufunga, kuna mtu atasema binamu yake alichelewa kula akapata vidonda. Wataalamu wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba chanzo kikubwa cha vidonda hivyo ni bakteria anayeishi tumboni. Marshall alifikia kumnywa bakteria huyo mwenyewe ili athibitishe. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu, zile diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani kama pipi kila mgongo ukiuma. Kuchelewa kula hakumtengenezi bakteria. Mwenye kidonda tayari, ndiyo, tumbo tupu linaweza kumchoma, na huyo akapime na kutibiwa kabla hajaanza mfungo wowote. Dozi ya kumwondoa bakteria ipo na si ya maisha. Ila anayetumia vidonda vya jirani kama sababu ya kula maandazi manne asubuhi atafute sababu nyingine.

Hatari ya kweli iko kwingine, na haitajwi sana kwa sababu haina hadithi ya kuvutia. Ni kisukari. Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamaidi akifunga bila daktari kumpangia upya dozi, dawa inaendelea kushusha sukari wakati hakuna chakula kinachoipandisha. Jasho jembamba, mikono inatetemeka, mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, halafu anaanguka. Utafiti uliohusisha nchi 13 zenye Waislamu wengi, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba matukio makali ya sukari kushuka yaliongezeka mara kadhaa katika mwezi wa Ramadhani kwa wenye kisukari. Madaktari wamekuwa wakizungumza na wagonjwa wao kuhusu Ramadhani kwa miaka mingi tangu hapo. Kuhusu mfungo wa mitandaoni hawaulizwi, kwa sababu mgonjwa anaona ni "kuacha chai ya asubuhi tu." Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua, wazee waliokwisha kukonda, na yeyote aliyewahi kuwa na ugomvi na chakula wa kujinyima au kujitapisha, hawa mfungo si wao.

Na kuna misuli. Katika jaribio lile la San Francisco, waliopimwa kwa undani walionekana wamepoteza misuli zaidi ya inavyotarajiwa katika uzito uliotoka. Kwetu hili lina uzito wa pekee kwa sababu sahani zetu zina wanga mwingi na protini kidogo, na ukifuta mlo mmoja mara nyingi unafuta yai au maziwa pekee yaliyokuwepo siku hiyo. Anayefunga ahakikishe maharage, dagaa, mayai au samaki vinapata nafasi ya kwanza saa ya kula ikifika, wali ufuate. Na abebe kitu kizito mara mbili tatu kwa wiki, hata kama ni ndoo ya maji.

Sijagusa wanawake wanaopika, na ndio wengi wa wanaojaribu. Mwanamke anayefunga mpaka saa sita huku anachemsha maziwa ya watoto saa kumi na mbili alfajiri, anakaanga mayai ya mume, anaonja chumvi, na anabaki mezani na nusu chapati iliyoachwa na mtoto wa mwisho, anafanya kazi ambayo mwanamume wa ofisini hajawahi kuijaribu. Yeye anafunga mbele ya jiko. Akishindwa, anaambiwa hana nia.

Jaribio jingine la Chicago, la mwaka 2017, la kufunga siku moja na kula siku moja kwa mwaka mzima, lilianza na watu 100 katika makundi matatu. Kwenye kundi la mfungo 38% waliacha kabla ya mwisho, na kwenye kundi la kupunguza kalori kila siku waliacha 29%. Wote hao walikuwa watu waliojitolea wenyewe, wakifuatiliwa na wataalamu, bila kaimati mezani. Kwa hiyo anayeuweza mfungo na auendeleze. Apime kiuno kwa utepe mara moja kwa mwezi, na ikipita miezi miwili kiuno hakijalegea asiongeze saa za njaa, atazame kinachoingia baada ya saa sita. Asiyeuweza ana njia ambayo haihitaji saa wala ushujaa. Dumu la lita tano la mafuta ya kula lina kalori kama 41,000. Nyumba ya watu watano iliyokuwa ikilimaliza kwa wiki mbili, ikijibana likafika wiki tatu, imepunguza karibu kalori 200 kwa kila mtu kwa siku, tukichukulia yote huliwa. Mtoto anayekua aongezewe yai au parachichi asipungukiwe, na hakuna aliyelazimika kuruka staftahi.